Karabini Si Hazina ya Mjerumani: Jinsi ya Kuielewa Bunduki Fupi ya Mpanda Farasi

Wiki nzima picha moja imekuwa ikipita kwenye simu za watu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Bunduki fupi imelazwa juu ya mkeka, mbao yake imepauka, chuma chake kimegeuka rangi ya kahawa. Chini yake pameandikwa: ya Mjerumani, ya askari wa farasi, ina miaka 150, mnunuzi yupo Dubai, milioni 10. Kijana wa jirani alinionyesha barazani baada ya alasiri, sauti ameishusha.

"Ami, wameipata darini, nyumba inavunjwa. Kwa vile ni ya kale, si haina makosa kuwa nayo?"

Ndani ya maneno hayo machache kuna mambo manne yamechanganywa: bunduki ni ya nani, farasi amehusikaje, bei yake ni kiasi gani, na sheria inasemaje. Mimi bunduki hizi nimezisoma miaka mingi na nazipenda, kwa sababu kila moja imeandikwa maisha yake mwilini kwa herufi ndogo, na mtu akishazijua herufi hizo huzisoma kama anavyosoma jina juu ya mlango. Inaniuma kuona kitu cha namna hiyo kinapigwa msasa kikang'arishwa, au kinatoweka usiku kwa mnunuzi asiyejulikana, kwa sababu tu ya uvumi. Basi tuufumbue uzi huu polepole.

Tuanze na majina. Wazee wetu waliziita bunduki kwa namna zinavyowashwa, na mgawanyo wao bado ndio mwepesi kuliko wote. Bunduki ya mrao huwashwa kwa utambi unaofuka moto. Bunduki ya gumegume ina jiwe linalogonga chuma, cheche zikaangukia baruti. Bunduki ya fataki ina kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani. Nyundo ikikigonga, kinalipuka na moto unaingia kwenye kasiba, yaani bomba ambamo risasi hupita. Zote hizi tatu hujazwa mdomoni: baruti kwanza, kisha risasi, kisha unashindilia kwa ufito uitwao mdeki. Ndizo tunazoziita magobori. Bunduki ya viasi ndiyo iliyokuja mwisho. Hii hufunguka kwa nyuma, na kila kiasi kimeshafungwa tayari, baruti na risasi pamoja. Unatia, unafunga, unafyatua.

Raifu ni habari nyingine. Raifu ni bunduki yoyote iliyochongwa mifereji ndani ya kasiba, inayojisokota kama uzi wa skrubu, ili risasi itoke ikizunguka na kwenda pale ilipolengwa.

Karabini nayo haimo katika mgawanyo huo hata mmoja. Karabini ni jina la kimo. Kuna karabini za gumegume, za fataki na za viasi. Zenye mifereji na zisizo nayo. Fikiria neno kaptura: halikuambii kitambaa ni cha pamba au cha jinzi, linakuambia tu kwamba suruali imeishia magotini. Karabini ni bunduki iliyoishia magotini, na aliyeagiza ikatwe hapo ni mpanda farasi.

Aliyewahi kupanda bodaboda kutoka Mwembe Tayari hadi Kisauni akiwa ameshika bomba la pazia anaelewa tatizo lake. Bunduki ya askari wa miguu wa Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 1853, ile ya Enfield, ilikuwa na urefu wa sentimita 140 hivi. Mpe mtu huyo farasi anayekimbia, mkono wa kushoto umeshika hatamu, upanga unaning'inia ubavuni, kisha mwambie ashindilie baruti. Haiwezekani. Ndiyo maana bunduki ikakatwa, na kila kitu kingine katika karabini kinatokana na ukweli huo mmoja, kwamba mtumiaji wake ana mkono mmoja tu na hakai palepale.

Tazama karabini ya Paget, ambayo Waingereza walianza kuitumia mwaka 1808 hivi. Kasiba yake ina sentimita 40 tu, haifiki nusu mita. Ni ya gumegume, yaani lazima ishindiliwe mdomoni. Sasa, mdeki wa gobori la kawaida huchomolewa kabisa, ukatumiwa, ukarudishwa mahali pake. Mpanda farasi akiuangusha, bunduki yake imekwisha kazi mpaka ashuke kuutafuta majanini. Mafundi wakaufunga mdeki mdomoni mwa kasiba kwa bawaba. Unauvuta, unapinduka kwa bawaba yake, unaingia kasibani, unashindilia, unaupindua tena na kuurudisha, na wakati wote haujaachana na bunduki. Bawaba ile ni kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba, lakini mkusanyaji akiiona tu anajua ameshika kitu cha mpanda farasi.

Alama nyingine ni pete. Karabini nyingi, hasa za Marekani, zina ufito wa chuma ubavuni kushoto na pete inayotembea juu yake. Askari alivaa mshipi mpana wa ngozi uliopita begani, wenye ndoano, na ndoano ilishika pete ile. Akihitaji kuchomoa upanga aliiachia bunduki ikaning'inia.

Hatua kubwa ilikuja pale bunduki ilipoanza kufunguliwa nyuma. Mpanda farasi ndiye aliyefaidika kuliko askari yeyote, kwa kuwa hakuhitaji tena mdeki. Katika karabini ya Sharps, ambayo hakimiliki yake ilitolewa Marekani mwaka 1848, kinga ya kifyatulio yenyewe ni wenzo: unaisukuma chini, bonge la chuma linashuka, unatia kiasi kilichofungwa kwa karatasi au kitani, unainua, na bonge likipanda linakata mkia wa kile kiasi ili baruti ipate moto wa fataki. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, serikali ya huko ilinunua karabini za Sharps zaidi ya 80,000. Ya Spencer ilikwenda mbali zaidi. Ndani ya kitako chake mna bomba lenye viasi saba vilivyopangwa mkia kwa kichwa, na springi nyuma inavisukuma mbele, vilevile kama betri zinavyokaa ndani ya tochi. Wenzo ukishushwa na kupandishwa, ganda tupu linatoka na kiasi kipya kinaingia. Nyundo tu ndiyo unayoivuta mwenyewe kwa kidole gumba.

Waingereza walikuja na suluhisho la bei nafuu, nalo linatuhusu sisi wa pwani kuliko hayo ya Marekani. Walikuwa na ghala zilizojaa bunduki za fataki za Enfield. Badala ya kuzitupa, kuanzia mwaka 1866 walikata nyuma ya kasiba na kupachika kifuniko cha chuma chenye bawaba upande wa kulia, kwa ubunifu wa Mmarekani aitwaye Jacob Snider. Inafunguka kama kikasha kidogo cha vito. Ganda tupu unalivuta nyuma kwa kifuniko hichohicho, halafu unapindua bunduki ubavu lianguke. Askari aliyekuwa akifyatua mara tatu kwa dakika sasa alifyatua mara kumi. Zikatoka Snider ndefu, fupi, na za wapanda farasi.

Je, zilifikaje huku? Mbona hatukuwahi kuwa na majeshi ya farasi? Swali hili huulizwa mara chache, na ndilo lenye jibu tamu kuliko yote. Farasi hakuweza kuishi bara kwetu. Mbung'o walimwambukiza ugonjwa wa nagana, akafa kabla hajafika mbali. Misafara iliyotoka Mombasa na Bagamoyo ilikwenda kwa miguu ya wapagazi. Kwa hiyo karabini haikuja hapa ikiwa imepanda farasi. Ilikuja kama mtumba.

Sisemi mtumba kwa dharau, mitumba imetuvisha. Nenda Kongowea alfajiri utazame marobota yanavyofunguliwa. Nguo zile zilitoka kwa watu walionunua mpya. Bunduki zilikuwa na mkondo uleule. Uingereza ilichukua Snider mwaka 1866, ikachukua Martini-Henry mwaka 1871, kisha bunduki ya magazini ya Lee-Metford mwaka 1888. Ufaransa ilianza na Chassepot mwaka 1866, ikaenda kwenye Gras mwaka 1874, ikafika Lebel mwaka 1886. Ujerumani ilikuwa na Mauser ya 1871, na mwaka 1888 ikabadilisha tena. Kila jeshi lilipovua bunduki moja na kuvaa nyingine, ile ya zamani iliuzwa kwa wafanyabiashara wa Birmingham, Liège na Hamburg, nao wakaipakia melini. Nyingi zilishukia Unguja, soko kubwa la silaha la upande huu, na kutoka pale majahazi yalizisambaza pwani nzima, Mombasa ikiwemo. Mpagazi au askari wa msafara hakujali kama bunduki ilitengenezewa mpanda farasi. Alijali kwamba ni nyepesi kubeba kutwa nzima na haishikani na vichaka. Askari wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani yetu kutoka 1888 hadi 1895 walibeba Snider wakati ambapo Ulaya imeshaziacha. Mambo yalizidi mpaka mataifa yakatia saini Mkataba wa Brussels mwaka 1890, uliozuia kuingiza silaha za kisasa katika Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Mombasa, tuliyo nyuzi nne kusini, tumo katikati kabisa.

Hapo ndipo jina la Mjerumani linapoingia bila kualikwa. Wajerumani kweli walikuwa na ulinzi wao Witu hadi 1890, na upande wa kusini walitawala Tanganyika. Mwaka 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika Taita na Taveta, askari wao wengi walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871 ya risasi mojamoja, tena ya baruti nyeusi, ambayo ikilia hutoa wingu la moshi na kumfichua mwenyewe. Bunduki hiyo ilikuwa fupi kidogo kuliko ya kawaida, na wazee waliokuwa kwenye vita vile waliihadithia. Tangu hapo kila bunduki kuukuu na fupi ni ya Mjerumani. Lakini nyingi zinazoonekana pwani zilitengenezwa kwingineko, na kinachoamua asili yake ni mihuri iliyopigwa kwenye chuma. Kwa mkusanyaji, kazi yote ni kuisoma mihuri hiyo.

Bunduki ya jeshi la Uingereza ukiitazama ubavu wa kulia, juu ya kifyatulio, utaona bati bapa linalobeba mtambo. Juu yake kuna taji, chini ya taji herufi V.R., yaani Malkia Victoria, na upande wa pili mwaka na jina la kiwanda, kama Enfield. Mahali pengi pamepigwa mshale mdogo, alama ya mali ya serikali. Ukikuta mishale miwili imegusana kwa ncha, bunduki hiyo serikali iliiuza. Ni kama muhuri wa gari lililofutwa kwenye orodha ya serikali kabla ya mnada. Ya Ubelgiji utaijua kwa herufi ELG ndani ya duara refu kama yai, na nyota chini yake. Mwaka 1893 waliongeza taji juu ya yai lile, kwa hiyo yai lisilo na taji linakuambia kasiba ilipimwa kabla ya hapo. Za Ufaransa zimeandikwa jina la kiwanda kwa hati ya mkono, Saint-Étienne au Châtellerault, na mbao yake huwa na muhuri wa duara. Za Ujerumani hupigwa namba za kikosi, mpaka kampuni na namba ya bunduki ndani ya kampuni.

Ukiweza kusoma hivyo, ghafla kipande cha chuma kinaanza kusema. Na ndipo unapoona kwa nini kupiga msasa ni msiba. Nimeona mbao ya bunduki ya karne ile iliyokwanguliwa ikapakwa vanishi ya milango. Fundi aliifanya kwa moyo safi, alitaka ipendeze. Muhuri wa mkaguzi uliokuwa umegandamizwa kwenye mbao ulibaki kivuli, na huwezi kuurudisha. Hudhurungi ile ya chuma, tunayoiita uchafu, ni ngozi iliyoota kwa miaka 100 na zaidi, nayo ndiyo inayozuia kutu jipya lisile ndani. Kutu baya ni lile jekundu linaloacha unga kidoleni. Katika hewa yetu ya chumvi, kitambaa kilicholowa mafuta kidogo ya cherehani kinatosha, na mkono mtupu usishike chuma, kwa sababu jasho letu lina chumvi pia. Mbao iangaliwe mchwa. Zaidi ya hapo, iachwe.

Sasa bei, maana hapo ndipo picha ya simu inapovutia watu.

Umri peke yake hauleti pesa. Sanduku la Lamu na mbuzi ya kukunia nazi vinaweza kuwa na umri mmoja, na bei zao haziko karibu. Karabini za karne ya 19 zilitengenezwa kwa makumi ya maelfu, na nyingi zimesalia. Spencer ya kawaida iliyotumika sana hupatikana huko Marekani kwa dola elfu mbili au tatu hivi. Hiyo ni bei ya kitu kilichokamilika, chenye mihuri inayosomeka, kinachouzwa kihalali. Iliyokatwa, iliyopoteza nyundo au iliyopakwa vanishi ni chini yake sana. Isitoshe, mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani walinunua akiba ya zamani ya jeshi la Nepal kutoka ghala la Kathmandu, zaidi ya tani 400 za silaha, zikiwemo Snider na Martini, na aina ambazo watu walidhani ni adimu zikawa nyingi sokoni.

Kinachopandisha bei ni ushahidi kwamba bunduki fulani ilikuwa mahali fulani mikononi mwa mtu fulani. Karabini za Springfield za mwaka 1873 ni nyingi, lakini zile zilizotengenezwa kabla ya Juni 1876 huwaniwa, kwa sababu mwezi huo kikosi cha saba cha wapanda farasi cha Marekani kilishindwa vibaya na Walakota na wenzao kwenye mto Little Bighorn, na moja kati ya hizo huenda ilikuwapo. Moto wa nyika ulipounguza majani ya uwanja ule mwaka 1983, wanaakiolojia walikusanya maganda ya risasi yaliyolala pale, wakatazama kwa hadubini alama iliyoachwa na pini kwenye kila ganda. Alama hiyo hutofautiana bunduki hadi bunduki kama alama za vidole, na kwa njia hiyo walifuata mtu mmojammoja alivyosogea uwanjani. Hilo ndilo jambo ambalo mnunuzi analilipia.

Na penye pesa hapakosi mlaghai. Ulaghai ulio mwingi kuliko wote ni raifu ndefu iliyokatwa ikaitwa karabini. Springfield halisi ya mpanda farasi ilitengenezwa bila mdeki chini ya kasiba, kwa hiyo mbao yake haikuchimbwa mfereji wa mdeki. Ukiona mfereji, au ukiona umezibwa kwa kipande cha mbao cha rangi tofauti, kuna aliyetumia msumeno. Kwingine ulaghai si wa msumeno. Katika karakana za mpakani mwa Pakistan na Afghanistan mafundi wamenakili Martini kwa mkono kwa vizazi, pamoja na mihuri yake. Fundi asiyesoma Kiingereza hugeuza herufi N nyuma mbele, au huandika V.R. na kuweka mwaka 1907. Malkia Victoria alifariki Januari 1901. Ipo pia hadithi ya Sharps yenye kinu cha kahawa ndani ya kitako, eti kila kikosi kilikuwa nayo. Vinu hivyo vilikuwa vichache mno, vya majaribio, na wataalamu wanaona vilikusudiwa kusaga nafaka. Vingi vinavyouzwa leo ni vya bandia.

Na zebaki nyekundu je, ile dawa inayovumishwa kuwa imefichwa ndani ya vitu vya kale na ina thamani kubwa? Hadithi hii imeshapita kwenye redio kuukuu na kwenye cherehani. Mwaka 2009 Saudia watu walilipa fedha za ajabu kwa cherehani za Singer wakiamini mna zebaki nyekundu ndani. Hapakuwa na kitu. Ndani ya karabini ya karne ya 19 mna chuma, shaba na mbao, basi. Dawa ya fataki ndiyo iliyotengenezwa kwa zebaki, chembe ndogo ndani ya kikofia, na hiyo ni ya kulipuka, haina mnunuzi Dubai.

Jambo moja lipo ambalo haliwezi kuwa uvumi, nalo linaua. Bunduki ya kale inaweza kuwa imejazwa mpaka leo. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haiozi. Baada ya mapigano ya Gettysburg mwaka 1863 ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000 uwanjani, na takriban 24,000 zilikuwa na kiasi ndani. Waliozijaza walikufa, walijeruhiwa au walikimbia. Mwenye bunduki ya darini pia alifariki siku asiyoijua. Usivute nyundo ujaribu, usichungulie mdomoni, usiipashe moto kulainisha kutu.

Nimeiacha sheria mwisho kwa sababu ndiyo iliyomponza kijana wa watu kwenye swali lake. Mtu akisoma mtandaoni ataona kwamba Marekani, kwa sheria ya shirikisho, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kitu cha kale na haifuatwi kama silaha nyingine. Ni kweli, huko. Sheria ya Marekani haivuki feri ya Likoni. Hapa Kenya tuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inayotazama kama chombo kinaweza kufyatua au kurekebishwa kifyatue, na kuwa na bunduki bila cheti ni kosa. Gari la mwaka 1950 nalo ni la kale, lakini ukiliingiza barabarani bila namba utasimamishwa.

Juu yake kuna sheria ya pili ambayo wengi hawaijui: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Hiyo inasema kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, ni cha kale kwa maana ya kisheria, na hakitoki nje bila kibali. Mwaka 1895 ndio tulioingizwa rasmi kwenye himaya ya Waingereza. Kwa hiyo karabini ile ya darini inaweza kubeba majina mawili kwa wakati mmoja: ni silaha kwa sheria moja, na ni turathi kwa nyingine. Mnunuzi wa Dubai anagongana na zote mbili.

Anayeipata afanye nini? Aiache palepale. Asiifunge gunia apande nayo tuktuk, maana askari wa njiani hawezi kujua kama ni ya 1866 au ya jana. Atoe taarifa kituo cha polisi, waje wao, na awaambie wazi kwamba anaamini ni kitu cha kale ili makumbusho yaitwe. Makumbusho tunayo hapahapa, Ngomeni, Fort Jesus yenyewe. Na anayetaka kukusanya kwa dhati aanze huko kwa macho na daftari, kisha aulize Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kulipa hata shilingi.

Siku mbili baadaye yule kijana alirudi. Nilikuwa nimemwomba aulizie picha nyingine ya karibu, ya bati la ubavu wa kulia, iliyopigwa pale bunduki ilipolala bila mtu kuigusa. Akakaa, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaanza kusoma mwenyewe.

"Taji. V.R. Enfield. 1861." Akasita. "Lakini nyuma ina kifuniko cha bawaba, Ami. Si ulisema hivyo vilianza 1866?"

"Endelea."

"Basi ilizaliwa ya fataki, ikapasuliwa baadaye." Akasogeza picha. "Na hii hapa, mishale miwili imegusana ncha."

"Imeuzwa."

Akawa kimya kidogo, kisha akauliza lile nililokuwa nangoja: aliyeileta darini alikuwa nani? Hilo halijapigwa muhuri popote. Birmingham hawalijui, na mtaalamu wa London hawezi kulisema. Tukaenda kwa bibi mwenye nyumba, aliyehamishiwa kwa mwanawe mtaa wa pili nyumba yake inapojengwa upya. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Kijana akamshikia simu karibu na macho.

"Hiyo," akasema, bila kuuacha ungo. "Nilipoolewa niliikuta. Ilikuwa ya baba yake mkwe wangu, alikwenda nayo safari za bara. Marehemu alikuwa akinikataza kuisogeza hata nikifagia. Alisema ina kiasi ndani."

Kijana aliitazama picha ya bunduki juu ya mkeka, na pembeni ya mkeka vidole vya mguu wa aliyeipiga. Nikatoa kalamu niandike jina la mkwe na la babaye. Yeye akapiga simu kituoni.